Ukirudi ocha Krismasi hii, usimbebee mtoto kitabu cha mtihani

Hebu tuambiane ukweli mapema, kabla nauli haijapanda. Kitabu cha marudio si zawadi.

Unakijua ninachosema. Kile kinene, jalada linang'aa, mwanafunzi anatabasamu kama aliyelipwa, ndani ni maswali mwanzo hadi mwisho na majibu yamefichwa nyuma. Hicho ni kazi. Kuifunga kazi kwa karatasi ya maua ukampa mtoto tarehe 25 Desemba, mbele ya binamu zake walioletewa mpira na marinda, ni kumwonea. Atasema "asante, shangazi" kwa sababu amelelewa. Kisha kitabu kitapanda juu ya kabati, na Aprili ukimuuliza mamake kama mtoi anapenda kusoma, atakujibu bila kufikiria: "Huyu? Huyu na vitabu ni paka na panya."

Na hasemi uongo. Vitabu vyote alivyowahi kupewa mtoto huyo vilikuwa vinamuuliza maswali.

Basi leo nawaandikia nyinyi mnaosoma, mnaofanya vibarua, mnaosukuma maisha Nairobi, Kisumu, Nakuru au Mombasa, na ambao wiki chache zijazo mtakuwa kwenye basi la usiku kuelekea Migori au Homa Bay. Orodha ya mizigo tunaijua sote: mikate, sukari, majani chai, mafuta ya kupikia, leso ya dani, na "kitu cha watoto". Ni hicho kitu cha watoto ninachotaka tukijadili. Mkate huisha kabla hujamaliza kusalimia boma. Biskuti hazifiki jioni. Kitabu kizuri, hata kiwe chembamba, kinaweza kuwa bado kipo nyumbani ukirudi Pasaka, jalada limetoka, kurasa mbili zimeraruliwa na mtoto wa jirani. Ukikikuta hivyo, jua ulichagua vyema.

Mimi chuo niliachia mwaka wa pili, karo iliponizidi nguvu, na hakuna aliyewahi kuniambia nionyeshe cheti ndipo nifungue riwaya. Nalisema hili kwa sababu kwetu kusoma kumefungwa kamba moja na shule. Ukimaliza shule, umemaliza vitabu. Nawajua watu wazima wengi, werevu kunishinda, ambao mara ya mwisho kushika hadithi walikuwa Kidato cha Nne, na waliishika kwa sababu KCSE ilikuwa inabisha hodi.

Ingia duka lolote la vitabu pale Migori mjini, kando ya barabara kuu inayoshuka hadi Isebania, au Homa Bay, au Rongo, au Oyugis. Mbele utaona madaftari, vikebe vya jiometri, sare, chati za ABC. Katikati vitabu vya kiada. Kisha marudio, marudio, marudio. Hadithi ziko rafu ya chini kabisa, pale unapolazimika kuchutama, zimefunikwa na vumbi la barabara. Simlaumu mwenye duka. Yeye anaweka kinachotoka, na kinachotoka ni ile orodha ya shule ya Januari. Hadithi moja ikikaa miaka miwili haijanunuliwa, hataagiza nyingine. Bei nayo haisaidii. Sheria ya VAT ya 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16, na mzigo huo hubebwa na yule anayenunua, si mwingine. Mzazi mwenye Sh500 mfukoni na watoto watatu hawezi kulaumiwa akichagua kitabu "kitakachomsaidia shuleni".

Ndiyo maana kazi hii ni yetu sisi shangazi na wajomba. Mzazi ana karo ya kuwaza. Wewe unayekuja mara mbili kwa mwaka unaruhusiwa kuleta kitu kisicho na faida ya haraka.

Sasa, watu huniuliza: mtoto wa miaka minane nimpe kitabu gani? Mimi huwarudishia swali. Nyumbani atakisoma na nani? Swali hili linakata mzizi wa mambo mengi kuliko umri. Boma nyingi za Homa Bay na Migori, mtoto anashinda na dani. Wazazi wako Nairobi, au wako sokoni, au wako ziwani usiku na taa za omena. Dani anaongea Dholuo. Kiingereza hakijui, Kiswahili anakielewa nusu nusu. Ukileta kitabu cha Kiingereza kigumu, umemletea mtoto kitu cha kukaa nacho peke yake pembeni. Ukileta cha Dholuo, umewaletea watu wawili.

Nilishuhudia hili mwaka jana kwa mpwa wangu, binti wa Gredi ya 4, karibu na Kendu Bay. Nilikuwa nimemchapishia hadithi fulani ya Dholuo kuhusu fisi. Jioni akawa anamsomea dani kwa sauti, kidole kikifuata mstari, polepole. Kurasa tatu hivi ndani, dani akamkatiza. "Hapana. Huyo aliyeandika hajui. Fisi hakufanya hivyo." Akaanza kuisimulia yeye, tangu mwanzo, na fisi wake alikuwa mjanja na mchafu kuliko wa kitabuni. Mtoto akashikilia kwamba kitabu kimesema vile. Dani akashikilia lake. Walibishana hadi taa ya sola ikaanza kufifia. Manze, sijawahi kuona zawadi ya bei rahisi ikifanya kazi hivyo.

Zamani za kina dani wenyewe, wasichana walilala siwindhe, ile nyumba ya bibi mzee, na humo ndimo sigana zilimosimuliwa baada ya chakula cha jioni. Siwindhe hazipo tena. Dani bado yupo, lakini anahitaji mtu wa kumchokoza aanze kusimulia, na kitabu kinachokosea hadithi yake kinaweza kuwa huyo mchokozi.

Hizo hadithi nilizochapisha zinatoka African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ambao umekuwa ukiweka mtandaoni hadithi za picha tangu 2014, kwa lugha nyingi za Afrika. Kiswahili kipo, Dholuo ipo. Ni bure, na leseni yake inakuruhusu kuchapisha na kugawa, kwa hivyo humuibii mtu. Zimepangwa kwa viwango, kuanzia zile zenye neno moja moja kwa ukurasa hadi zenye aya nzima. Unapakua ukiwa mjini kwenye waifai, unapeleka saiba, wanakuchapia, unabana kwa stepula. Hadithi fupi ni kurasa kumi na kitu tu. Kama doo ni shida mwaka huu, na najua ni shida, unaweza kuwatosheleza watoto wanne kwa pesa za kreti moja ya soda. Ongeza jalada la karatasi ngumu na uandike jina la mtoto mbele kwa kalamu nene. Usisahau jina. Katika boma lenye watoto tisa ambapo viatu vya ndara ni vya yeyote aliyeamka mapema, kitu chenye jina lako ni mali.

Ukiwa na uwezo zaidi, na mtoto ni mdogo, tafuta Sulwe ya Lupita Nyong'o. Ilitoka 2019, picha zake zimechorwa na Vashti Harrison, na baadaye ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Dholuo. Jina lenyewe ni la Dholuo, maana yake nyota. Ni hadithi ya msichana mweusi kuliko wote kwao ambaye anatamani ngozi yake ibadilike. Msinijie eti hilo ni tatizo la Wamarekani. Tembea sokoni Homa Bay uhesabu makopo ya krimu za kung'arisha ngozi, kisha uniambie. Toleo la ng'ambo ni ghali, kwa hivyo ulizia la hapa nchini kwenye maduka makubwa ya Nairobi kabla hujaondoka. Usingoje kufika Migori.

Tuje kwa hawa wa miaka tisa hadi kumi na mbili. Hawa ndio tunaowapoteza. Gredi ya 3 mtoto bado anapenda hadithi. Akifika Gredi ya 6 hadithi zimekuwa "ufahamu", ambapo ukimaliza kusoma kuhusu sungura unaulizwa sungura alienda wapi na kwa nini. Mpe kitu cha kumchekesha. Barbara Kimenye alianza kuandika vile vitabu vya Moses mwaka 1967, na mpaka leo sijaona mtoto wa shule ya bweni asiyejikuta humo ndani: chakula kibovu, walimu wa ajabu, mipango ya usiku inayoharibika. Kiingereza chake si kigumu. Kwa Kiswahili kuna Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, iliyoshinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, kuhusu watoto waliojazwa kichwani kwamba Amerika ni mbinguni. Chembamba, kinasomeka siku mbili, na kila boma la Nyanza lina mjomba au jirani aliye Marekani ambaye mtoto atamfikiria akiwa anakisoma.

Na kisha kuna hadithi za kwao kabisa, na hapa nakasirika kidogo. Mtoto wa Karachuonyo anaweza kukuambia habari za Cinderella na asijue kwamba lile ziwa dogo la Simbi, nje kidogo ya Kendu Bay, lina hadithi kali kushinda. Bibi kizee alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe ya pombe, wakamfukuza kwa matusi, mwanamke mmoja tu akamhurumia, na usiku huo kijiji kizima kikazama. Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Unaweza kumpeleka mtoto akasimame ukingoni aangalie yale maji ya kijani. Kule Gwassi, upande wa Nyandiwa, kuna Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara aliyenasa mwanamke mzee kwenye mtego wake, akatajirika kwa ng'ombe, kisha ulevi na mdomo vikamponza. Mwanamke akarudi ziwani na ng'ombe wote wakamfuata. Na Gor Mahia. Kila mtoi wa Ndhiwa anaimba Gor Mahia, timu iliyoundwa 1968. Muulize Gor mwenyewe alikuwa nani, yule mganga wa Kanyamwa aliyesemekana kujigeuza umbo lolote, utaona macho yanavyotoka.

Asenath Bole Odaga alizijua thamani za hadithi hizi mapema. Alizikusanya, akaziandika, na alipoona wachapishaji wa Nairobi hawana haraka akafungua kampuni yake mwenyewe, Lake Publishers, pale Kisumu. Vitabu vyake si rahisi kuvipata sasa. Ukipita kwenye wauzaji wa vitabu vya mitumba, wale wanaotandaza chini kando ya barabara, na ukaona jina lake kwenye mgongo wa kitabu chochote, usianze kubishana bei. Lipa uende.

Watu wa Migori msiseme nimewasahau. Kwenu mambo ni magumu zaidi kwa sababu lugha ni nyingi. Mtoto wa Kehancha nyumbani ni Kikuria, sokoni Kiswahili chenye ladha ya Sirare, shuleni Kiingereza. Vitabu vya hadithi kwa Kikuria ni vya kutafuta kwa tochi. Kisuba kule Mfangano ndiyo kimebanwa kabisa, ingawa kuna vijana wa Ekialo Kiona wanaokirusha redioni. Kwa boma kama hizi mimi huchagua Kiswahili, ndiyo lugha ambayo mtoto, mama na jirani wanakutana. Kiswahili rahisi lakini, si kile cha kumtafutia mtoto kamusi kila mstari.

Sasa tupunguze mzaha, tufike kwa wasichana wa miaka kumi na minne, kumi na tano, kumi na sita.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ule wa KDHS, ulisema kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 23 kule Homa Bay walikuwa wamewahi kupata mimba. Migori asilimia 23 vilevile. Kitaifa ilikuwa 15. Likizo ya Desemba ni ndefu, wageni ni wengi, disko matanga haziishi, na msichana hana la kufanya kuanzia saa nane mchana. Upande wa Kuria kuna jingine juu ya hilo: likizo hii ndiyo msimu wa tohara, na licha ya sheria ya 2011 kupiga marufuku ukeketaji, kuna wasichana ambao Desemba hulala makanisani na mashuleni kwa kuogopa kwenda nyumbani.

Sitakudanganya kwamba riwaya inazuia mimba au kisu. Haizuii. Msichana anahitaji karo, sodo, watu wazima wenye akili na chifu anayefanya kazi yake. Lakini angalia tunachompa asome. Vijitabu vya kumwambia usifanye hiki, jihadhari na kile, picha ya msichana analia mwishoni. Vyote vinamzungumzia yeye kama tatizo. Hakuna hata kimoja kinachomfanya atake kujua ukurasa unaofuata una nini. Na msichana anayetaka kujua kesho itakuwaje, hata kama ni kesho ya mtu wa kubuni, ana kitu ambacho mwenzake hana. Hayo ni maoni yangu, sina utafiti.

Kwa hivyo mpe The River and the Source ya Margaret Ogola. Ilitoka 1994, mwandishi alikuwa daktari wa watoto, na ni habari ya Akoko, binti wa chifu asiyekubali kusukumwa, halafu mwanawe, halafu mjukuu, halafu kitukuu, wanawake wa Kiluo vizazi vinne mfululizo. Watu wa Awendo mtatabasamu mkikutana na jina Sakwa, ingawa ile ya kitabuni ni ya ng'ambo ya ghuba. Akikipenda, mwaka ujao una zawadi tayari: mwendelezo wake, I Swear by Apollo. Kwa msichana wa Kuria ningechagua Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, ya 2008. Dada wawili, Taiyo na Resian, baba anahamisha familia kurudi kijijini, na huko wanakuta kwamba miili yao imekwisha kujadiliwa na watu wengine. Ni Wamaasai, si Wakuria, na hiyo ni faida. Msichana anaweza kukisoma mbele ya nyanyake bila mtu kusema amemsema nani.

Halafu hapa kuna siri ya mfukoni. Riwaya hizi mbili zilikuwa seti buku za KCSE. Serikali ikibadilisha orodha, maelfu ya nakala hukosa kazi usiku mmoja, na zinaishia kwenye mitumba kwa bei ya chapati kadhaa. Ile riwaya uliyoichukia Kidato cha Tatu kwa sababu ya maswali ya dondoo, mtu asiye na mtihani anaifungua na kukuta ni hadithi tamu. Toa tu karatasi za "maudhui na wahusika" zilizobanwa ndani. Kama binti yuko shuleni na kitabu kiko kwenye orodha yake ya sasa, usimpe hicho. Atakisoma tu, apende asipende.

Kwa kijana wa Isebania ninayo riwaya mbili, kwa sababu anaishi mpakani na anajua mpaka ni nini. Siku Njema ya Walibora, ya 1996, ambamo Kongowea Mswahili anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Mwandishi alifariki Nairobi Aprili 2020, na bado sijasikia Kiswahili cha riwaya kikitiririka vile. Ya pili inaenda upande ule mwingine: The Promised Land ya Grace Ogot, ya 1966. Ochola na mkewe mchanga Nyapol wanaiacha Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta shamba na utajiri, na jirani mwenye wivu anawangoja huko. Mpe aliye na miaka kumi na sita kwenda juu, ina uchawi wa kutisha kidogo. Nakuambia, nusu ya familia za Migori zina mjomba aliyevuka kwenda Musoma au Tarime na hadithi yake haijawahi kusimuliwa yote.

Vijana wa kiume wasiogusa kitabu? Wasigombezwe. Shujaaz, ile komiki ya Sheng iliyoanza 2010 na kupata tuzo ya Emmy ya kimataifa 2012, ilisomwa na machali wengi ambao kwenye fomu za shule wangejaza "hapendi kusoma". Komiki ni kusoma. Kurasa za michezo za gazeti ni kusoma. Mletee mdogo wako rundo la magazeti ya zamani yenye habari za Gor na uone kama hatamaliza yote akiwa anachunga ng'ombe.

Kabla hujalipa, fungua kitabu. Wino umefifia, kurasa zimepinda, herufi kwenye jalada zina ukungu? Hiyo ni nakala ya wezi. Gundi itaachia wiki ya kwanza na mwandishi hapati hata ndururu. Tazama nyuma kama kuna "maswali ya kujadili". Yakiwepo si vibaya sana, ila mwambie mtoto mapema kwamba hatamjibu mtu. Na kama mtoto yuko nawe, mpe asome ukurasa mmoja kimyakimya, akunje kidole kila akikwama kwenye neno. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kirudishe kwenye rafu, tafuta rahisi zaidi. Hata kama Gredi yake ni ya 7. Heshima ya Gredi haisomi kitabu.

Zawadi nyingine ya bei poa ni daftari tupu. Ndiyo, tupu. Lile la jalada gumu, na biro mbili. Nilikueleza habari ya dani na fisi. Basi mtoto anayeweza kuandika mpe kazi ya kuyanasa hayo, kwa Dholuo, kwa Kisuba, kwa Kikuria, kwa lugha yoyote inayomtoka. Kuna mambo makubwa kwetu ambayo mimi sijayaona yakiandikiwa mtoto kwa lugha anayoielewa. Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe kaskazini magharibi mwa Migori, zilijengwa pengine karne ya 16, jiwe juu ya jiwe bila udongo wa kushikanisha, na tangu 2018 ziko kwenye orodha ya Turathi za Dunia. Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya, ndiko Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, wanasayansi walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe za tangu miaka kati ya milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa nazo. Watoto wa pale wanapita juu ya mahali hapo wakienda kuteka maji. Chukua siku moja ya likizo, mpeleke mtoto mahali pamoja kati ya hapa, mwambie aandike alichokiona. Usimsahihishe tahajia. Tafadhali.

Watu wengine watakucheka. Nilishaambiwa, "Umetoka Nairobi na karatasi?" Jibu langu huwa ni kuleta mkate pia. Sioni haja ya vita. Mpe mama sukari yake, mpe mzee gazeti, mpe mtoto kitabu, kisha fanya jambo moja ambalo duka haliuzi: keti naye nusu saa ukisome naye mara ya kwanza. Soma vibaya, igiza sauti za wanyama, kosea Dholuo yako ya mjini wakucheke. Kitabu ambacho kimeshachekewa hakipandi juu ya kabati.

La mwisho ni la safari. Vitabu usiviweke kwenye buti la basi pamoja na mafuta ya kupikia. Nimeona galoni ikifunguka Narok na ikamaliza mzigo wa watu sita. Vifunge kwa nailoni, uvibebe kwenye begi la miguuni. Ukichelewa kununua, maduka ya Kisii mjini huwa wazi asubuhi basi likisimama watu wanywe chai. Una dakika ishirini hivi. Nenda moja kwa moja rafu ya chini.